Printa ya Bei Chee

Printa ile tulikwenda kuinunua pamoja, mimi na mpwa wangu, kwa hiyo lawama nusu yake naibeba mimi. Kijana alikuwa amepata fremu mbele ya shule ya sekondari huko Mbagala, akataka kufungua steshenari. Kariakoo tukaonyeshwa mashine mbili. Moja ilikuwa na matanki ya wino ubavuni, shilingi 680,000. Nyingine ndogo, nyeupe, ya kutumia katriji, shilingi 180,000. Mimi ndiye niliyesema, "Chukua hii ndogo. Kwani zote si zinachapa?" Muuzaji hakubisha. Akatufungia mzigo.

Baada ya miezi mitatu akanijia nyumbani jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Biashara inakwendaje?"

"Wateja wapo, mjomba. Ila hela siioni."

Nikamwambia alete daftari. Mapato yalikuwa yameandikwa vizuri, siku kwa siku, kwa kalamu ya bluu. Matumizi yalikuwa nyuma ya jalada, yamebanwa pembeni bila tarehe: katriji, katriji, rimu, katriji. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu daftari alikuwa nalo, ila nusu yake ndiyo iliyokuwa haisomwi.

Tukachukua kazi moja tu tukaipigia hesabu. Mwalimu alikuwa ameleta mtihani wa majaribio wa kurasa 4 kwa wanafunzi 40. Mpwa wangu hana mashine ya fotokopi, kwa hiyo nakala zote zilitoka kwenye printa: kurasa 160 kwa shilingi 200 kila mmoja, jumla 32,000. Siku hiyo alikula chipsi kuku kwa furaha. Nikamwomba boksi la katriji nyeusi. Pembeni, kwa maandishi madogo, lilisema kurasa 120. Alikuwa amelinunua kwa shilingi 42,000. Gawa, nikamwambia. Akatoa simu, akagawa, akanyamaza. Wino peke yake ni shilingi 350 kwa ukurasa. Rimu ya karatasi 500 kwa 12,500 inaongeza shilingi 25. Ukurasa unaouzwa 200 unamgharimu 375. Kazi ile ya mwalimu ilikula shilingi 60,000 ili iingize 32,000. Hasara 28,000, na chipsi kuku juu yake.

"Kwa hiyo kadiri wateja wanavyoongezeka..." akasema, hakumalizia.

Tena hiyo 120 ni hesabu ya kwenye boksi. Watengenezaji huipata kwa kuchapa mfululizo kurasa za mfano zilizowekwa kama kipimo, ambazo sehemu kubwa ni weupe wa karatasi. Weka nembo ya shule iliyojaa wino juu ya kila ukurasa, au bango la harusi lenye rangi pande zote, na kurasa zinapungua. Katriji yake ya rangi nayo ilikuwa na rangi tatu ndani ya kasha moja: bluu ikiisha, nyekundu na njano zinatupwa pamoja nayo.

Sasa sikiliza alivyojaribu kubana matumizi, maana hapo ndipo lilipo funzo. Kila jioni alikuwa akizima swichi ya ekstensheni ili kuokoa uniti za LUKU. Printa ya wino haizimwi hivyo. Ukibonyeza kitufe chake chenyewe na kusubiri, kichwa cha kuchapia hurudi kwenye maegesho yake pembeni na kufunikwa kwa mpira ili wino usikauke. Ukiikatia umeme ghafla, kichwa kinaweza kubaki wazi usiku kucha. Matundu yanayotoa wino ni membamba kuliko unywele, na wino ukikauka humo asubuhi maandishi yanatoka na mistari myeupe. Naye kila asubuhi alikuwa akibonyeza usafishaji wa kichwa, mara tatu, mara nne. Usafishaji huo hautumii maji. Unavuta wino ule ule wa 42,000 na kuumwaga kwenye sponji iliyo tumboni mwa mashine. Aliokoa senti za umeme, akamwaga maelfu ya wino, na hakuna mteja aliyepata hata herufi moja.

Ubanaji wa pili ulikuwa wa bomba la sindano. Jirani alimwuzia wino wa chupa usiojulikana ni wa mashine gani, akaujaza kwenye katriji tupu. Siku mbili ilichapa. Siku ya tatu wino ukavuja, ukachafua vyeti vya mteja aliyekuwa anatoa nakala za kuombea kazi. Vyeti alilipia, mteja hakurudi.

Kosa letu lilianza Kariakoo, mbele ya lebo mbili za bei. Mashine ya katriji mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu mtengenezaji hategemei faida ya mashine. Faida yake iko kwenye wino utakaorudi kununua. Mashine ni chambo. Watumiaji wa Indonesia waliligundua hilo mapema, wakawa wanatoboa printa zao na kuziunganisha kwa mipira na chupa za wino nje. Mwaka 2010 Epson ikaanza kuuza huko huko Indonesia mashine yake yenye matanki ya kujaza kwa chupa. Ndiyo aina ile ile tuliyoikataa kwa sababu ya bei.

Tulipoiulizia tena, chupa yake ya wino mweusi ilikuwa shilingi 36,000 na huhesabiwa kutoa kurasa 4,500. Shilingi 8 kwa ukurasa. Tofauti ya bei ya mashine, laki tano, inarudi kwa kurasa kama 1,500 tu. Mpwa wangu alikuwa ameshapita hapo zamani.

Simwambii kila mtu akimbilie matanki. Anayechapa kurasa mbili kwa mwezi wino utamkaukia popote ulipo. Huyo aende steshenari na flashi yake. Mwenye maandishi meusi tupu, tena mengi, atafute leza, maana tona ni unga na haikauki. Anayebaki na wino azime kwa kitufe, achape walau ukurasa mmoja kila wiki, asafishe kichwa pale tu mistari inapoonekana, achague rasimu na nyeusi kwa kazi isiyo ya kupeleka ofisini. Lakini kabla ya yote hayo, agawe bei ya wino kwa idadi ya kurasa. Hesabu ya darasa la nne, nasi watu wazima wawili tulisimama dukani tusiifanye.

Mashine ya matanki aliinunua kwa kudunduliza, miezi mitano. Ukutani, chini ya bei za wateja, amebandika karatasi yake mwenyewe yenye gharama ya kila ukurasa kwake yeye, na anaibadilisha wino unapopanda. Ile ndogo nyeupe bado iko juu ya kabati, imebeba jagi la maji. Juzi mwanafunzi mmoja alimwuliza kama anaiuza.

"Chukua bure," akamjibu. "Ila ujue, hata bure ni ghali."