Gavana, Mtunza Ghala na Meli ya Agosti

Wanangu mnaojiandaa kugombea udiwani, nanyi mlioteuliwa juzi kwenye bodi na kamati, leo sitawatajia Mwalimu Nyerere. Habari zake mmezisikia tangu shule ya msingi hadi zinapita masikioni kama kengele ya mapumziko. Nataka mumtazame mtu wa mbali, George Yeardley, gavana na mwenye mashamba huko Virginia, wakati Waingereza walipokuwa ndiyo kwanza wanatia mguu Marekani. Nimemchagua kwa sababu hakuwa katili wa kupindukia. Katili hamfundishi mtu. Ukisoma habari za dikteta unajiambia, huyu si mimi, unafunga kitabu na kwenda kula.

Yeardley alikuwa askari. Mwaka 1609 alipanda meli iitwayo Sea Venture kwenda Virginia, ikapigwa na dhoruba na kukwama Bermuda. Abiria wakaunda vyombo viwili vidogo, na mwaka 1610 wakafika Jamestown, wakakuta njaa imemaliza wengi wa wenzao. Temperance Flowerdew, mwanamke ambaye baadaye alimwoa, alikuwa mmoja wa walionusurika njaa ile. Sasa nitazameni mali. Katibu wake, John Pory, aliandika katika barua ya Septemba 1619 kwamba gavana huyu alikuja mara ya kwanza na upanga wake tu, lakini alipokuwa London kabla ya kurudi Virginia aliweza kutoa karibu pauni 3,000 kujiandalia safari, fedha alizochuma hukohuko koloni. Katika barua hiyohiyo Pory anasimulia kwamba hata mchunga ng'ombe wa Jamestown, ikifika Jumapili, hutoka amevaa hariri inayong'aa kama moto.

Hariri hiyo ilinunuliwa kwa tumbaku. Waliokulia Urambo hawahitaji kuelezwa tumbaku inavyokula mikono ya watu: kuna kitalu, kupandikiza, kupalilia, kukata maua na vichipukizi, kuchuma, kukausha, na ukichelewa siku chache jani limeharibika. Ardhi kule haikuwa tatizo kwa mkoloni, kwani aliwanyang'anya wenyeji. Tena Kampuni ya Virginia, iliyoendesha koloni, ilitoa ekari 50 kwa kila mtu ambaye nauli yake umeilipia. Ukileta watu unapata ardhi, ukipata ardhi unahitaji watu zaidi. Pory mwenyewe alikiri kwamba utajiri wao mkubwa ni watumishi. Ishikeni hiyo hesabu, maana yote yaliyofuata yamo ndani yake.

Mwishoni mwa 1618 Mfalme James alimpa Yeardley cheo cha heshima, naye akarudi Virginia akiwa gavana na maagizo mazuri mkononi: sheria za kijeshi ziondolewe, na watu wawe na sauti. Akatekeleza. Tarehe 30 Julai 1619 aliketi kanisani Jamestown na wawakilishi wa makazi mbalimbali, likawa baraza la kwanza la aina yake katika makoloni ya Kiingereza ya Marekani. Joto lilikuwa kali, mjumbe mmoja akafariki katikati ya kikao, na baada ya siku sita wakaahirisha.

Kuna jambo moja katika kikao kile nataka mlitafune polepole. Mwenye shamba mmoja, John Martin, alikuwa na hati inayomweka nje ya sheria za kawaida za koloni. Wawakilishi wa shamba lake walipofika, baraza lilikataa kuwapa viti. Hoja ilikuwa nyepesi: asiyetaka kufungwa na sheria atatungaje sheria za kuwafunga wengine? Wakamtaka Martin aiache kinga hiyo kwanza. Hakuna mwanasheria wa leo angelisema vizuri zaidi. Kwa hiyo msiniambie watu wale walikuwa wa zama zao na hawakujua. Walijua, na waliliandika kwenye kumbukumbu za kikao.

Haikupita hata miezi miwili. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo meli iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort. Ilikuwa imebeba Waafrika ishirini na kitu, walioporwa baharini kutoka meli ya Kireno iliyowapakia Luanda, Angola. Mlowezi mmoja, John Rolfe, aliandika nani waliwanunua, na kwa malipo gani: ni gavana pamoja na mtunza ghala wa Kampuni, Abraham Peirsey, na malipo yalikuwa chakula.

Hapo ndipo ninapotaka mkae. Mkuu wa serikali na mwenye ufunguo wa ghala wamekuwa upande mmoja wa biashara. Nani aliyebaki Jamestown wa kuuliza: watu hawa wametoka wapi, wanakaa kwa sheria gani, watatumika miaka mingapi? Sheria ya utumwa Virginia haikuwapo bado. Mtumishi wa Kiingereza alikuwa na mkataba wenye mwisho. Swali lilikuwa jipya kabisa, na aliyetakiwa kulijibu ndiye aliyekuwa na tumbaku inayongoja mikono. Wakubwa wa Kampuni walikuwa London, ng'ambo ya bahari, na fimbo ya mbali haiui nyoka.

Matokeo yake yamo kwenye hesabu ya watu ya mwaka 1625. Katika kaya ya Yeardley watumishi wa Kiingereza wameandikwa kwa majina. Waafrika wake wanane wameandikwa kwa idadi tu: wanaume 3, wanawake 5. Katika kaya nyingine yumo mwanamke mmoja Mwafrika aliyetajwa kwa jina, Angelo, na meli iliyomleta imetajwa. Kwa hiyo karani alikuwa na uwezo wa kuuliza jina. Yeardley alifariki Novemba 1627, na katika wosia wake Waafrika wametajwa pamoja na watumishi na ng'ombe, mali ya kugawanywa. Sheria iliyosema mtoto afuate hali ya mama yake, huru au mtumwa, ilikuja mwaka 1662. Yaani mazoea ya wakubwa yalitangulia, sheria ikaja nyuma kuyahalalisha.

Nasikia mnanong'ona kwamba hayo ni ya Wazungu. Nendeni Unguja na Pemba muulize mikarafuu ya karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa na mikono ya nani, na mashamba mengi makubwa yalikuwa ya nani. Sultani Seyyid Said alikuwa mtawala na mwenye mikarafuu kwa wakati mmoja, na amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar ilingoja hadi 1897.

Siwaambii msilime. Kiongozi asiye na shamba wala duka atategemea posho, na njaa ya posho nayo ina mambo yake. Ninachowaonya ni ile wiki ambayo kazi nzuri unayowafanyia watu na haja ya shamba lako vinafika pamoja. Wiki hiyo utakuwa umetoka kwenye kikao umepigiwa makofi, na makofi yale yatakufanya uamini kwamba lolote utakalotia sahihi ni safi kama ulilopitisha asubuhi.

Basi siku ya kwanza ukiingia ofisini, uliza nani ana ufunguo wa ghala. Akiwa shemeji yako, au mnalima naye, omba mmoja wenu ahamishwe kabla hamjazoeana. Mtafute kwenye kamati yule mjumbe msumbufu anayeuliza maswali hadi watu wanatazama saa, umpe yeye kazi ya ukaguzi. Na ikija zabuni ya kitu ambacho shamba lako linakihitaji, toka nje ya chumba, na katibu aandike kwenye muhtasari kwamba ulitoka, saa ngapi, na nani alishika kiti.