Ushirika wa Soko na Deni la Moshi

Ushirika ni jambo jema. Humtia nguvu mnyonge, hupanua soko la mfanyaji kazi, na huwafanya majirani watazamane kama ndugu. Walakini mizani ya ushirika ina vitanga viwili, kimoja cha faida na kimoja cha madhara. Aghalabu watu hukitazama cha kwanza kwa macho mawili, na cha pili kwa jicho moja. Swali letu ni hili: miji iliyo katika soko moja ikigawana faida, moshi wa kazi zake ni wa nani?

Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyopo leo ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005, na Soko la Pamoja mwaka 2010. Katika mambo mengine urahisi wa biashara ni akiba ya hewa. Gari la mizigo lingojalo mpakani huku injini ikinguruma huchoma mafuta bila ya kwenda mahali. Busia, baina ya Kenya na Uganda, kituo cha huduma kwa pamoja kilizinduliwa mwaka 2018, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mbili. Hapo mfanyabiashara na hewa hufaidi pamoja. Lakini njia iliyonyoka huita wasafiri. Akiba ya safari moja yaweza kumezwa na wingi wa safari, na mji ulio kando ya njia ukavuta moshi mwingi kuliko jana.

Hilo ni la njiani. La kiwandani ni zito zaidi. Saruji hutokana na jiwe la chokaa. Watu wa pwani, ambao tangu kale walichoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea, wanajua kuwa jiwe likiungua hupungua uzito. Kinachopungua ni hewa ya ukaa, isiyoonekana kwa macho, lakini huzidisha joto la dunia. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa huacha kilo 56. Kilo 44 huruka, mbali na moshi wa moto uliolichoma. Hima, mji mdogo wa wilaya ya Kasese, Uganda, una kiwanda ambacho saruji yake imeuzwa Rwanda na mashariki ya Kongo. Ghorofa likisimama Kigali kwa saruji hiyo, mji wa Kigali hupata sifa ya jengo, na Uganda huandikiwa hewa, kwa maana hesabu za mataifa huiandika mahali ilipotoka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini deni lililoandikwa katika daftari la jirani huonekana kama wema wa mdaiwa.

Yuko atakayesema kuwa Hima imelipwa, na aliyepokea bei amepokea na moshi. Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Bei hulipa jiwe, mafuta, na jasho la mfanyaji kazi. Haimlipi mvuvi wala mkulima ambaye hakuuza wala hakununua, na ambaye mvua itampotea majira. Wauzaji na wanunuzi hawawezi kupatana juu ya mali ya mtu wa tatu asiyekuwapo barazani. Wala si haki kumtwika mnunuzi lawama yote, kwa sababu tanuri haliko mikononi mwake. Mwenye tanuri ana uwezo wa kuchoma kwa uangalifu. Mwenye kujenga ana uwezo wa kupunguza saruji, au kukubali bei itakayolipia tanuri bora. Kila mmoja adaiwe kwa kadiri ya uwezo alionao.

Basi haifai kuulaumu ushirika kwa moshi, wala kuusifu kwa mji mmoja uliotakata. Mji unaohamishia moshi wake ng'ambo ya mpaka haukutakata. Umebadili anwani ya uchafu. Soko la pamoja hudai daftari la pamoja, ambamo mjengaji na mchomaji wameandikwa ukurasa mmoja. Wahenga walisema kuwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nchi zinazojiita jumuiya zitapimwa kwa neno hilo: kama ni walaji wa sinia moja tu, au ni ndugu.