Nafasi Moja na Watu Wengi

Mwezi wa Juni mwaka 2014, watu zaidi ya 10,000 walikusanyika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa kazi katika Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilikuwa 70 tu. Kwa kila mmoja wa kupata, zaidi ya 140 walikuwa wa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Basi twauliza: yule apataye, je, amemnyang'anya mwenzake? Wako Wakristo wema ambao dhamiri huwasumbua kwa jambo hili, nao, twaona, wanajihukumu bure. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 1, alipotakiwa mtu wa kushika mahali pa Yuda, walisimamishwa wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya. Sharti lilitajwa mbele ya watu wapata 120: awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana. Wote wawili walikuwa nalo. Kura ikamwangukia Mathiya. Barsaba hakudhulumiwa, maana mlango aliopitia mwenzake ulikuwa wazi kwake pia.

Dhuluma huingia kwa mlango wa nyuma. Kijana husema, "Mjomba yumo ofisini," na kuongeza kwamba mcheza kwao hutunzwa. Hatuidharau hoja hii, kwa kuwa ina mzizi mwema. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Na mjomba aliyesomeshwa na ukoo, kisha akajifanya hawajui, ni mtu wa namna gani? Lakini na tuangalie anachotoa. Akimpa mpwa wake nauli, chakula na mahali pa kulala mjini, atoa chake. Akimpa kiti cha ofisi, atoa mali ya mjane atakayesimama dirishani akingoja hati yake, na ya kijana asiye na mjomba. Nani amwitaye mkarimu yule achinjaye mbuzi wa jirani kuwakirimu wageni?

Je, ni vibaya kusemewa? Hapa ndipo pagumu. Yusufu gerezani alimwomba mnyweshaji wa Farao amtaje, naye akamsahau miaka miwili. Hatuoni lawama katika ombi lile: alitaka kutajwa tu, na alipofikishwa mbele ya Farao ilimpasa kuifasiri ndoto mwenyewe. Mjomba naye aweza kusema mbele ya wenzake, "Namjua, ni mwaminifu," kama ni kweli, kisha atoke chumbani wakikata shauri. Akiona haya kuyasema hadharani, haya hiyo imekwisha kutujibu.

Tena mnyofu aweza kukosa kazi, na wenzake waliopenyeza wakapata; hatutamdanganya mtu juu ya hilo. Wale wa mfano wa shamba la mizabibu walisimama sokoni hata saa kumi na moja kwa sababu hapakuwa na wa kuwaajiri, na mwenye shamba hakuwaita wavivu. Sisi vijijini ndio tuwaitao hivyo, mbele ya baba aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya karo. Naye aliyefaulu huja likizo, akapita nyumba ya mwenzake bila kubisha hodi. Maandiko hayatuambii Barsaba alisema nini baada ya kura. Lakini siku ya Pentekoste ilipofika, twawakuta wote chini ya dari moja.