Mpishe Asiyeweza Kukupisha

Wahenga walisema ajali haina kinga, na hao hao wakasema tahadhari kabla ya hatari. Sisi tumeng'ang'ania la kwanza, maana halitudai kitu. La pili linatutaka tusimame.

Kusimama ndiko kunakotushinda kwenye tambuka reli za Dar es Salaam. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905. Mji ndio ulioifuata hadi ukaizingira. Treni ya abiria wa jiji ilipoanza Oktoba 2012, kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, ilipangiwa asubuhi na jioni, saa ambazo kila mtu ana haraka zake. Honi inalia, mwenye bendera nyekundu kanyoosha mkono, na bado bodaboda anapenya, abiria wake kapakata mfuko wa nyanya. Daladala nayo inaingia relini ilhali foleni ya mbele haijasogea. Mkia unabaki juu ya mataruma, konda anagonga bodi kuwasihi walio mbele.

Wazee walikuwa na adabu ya njia: mwenye mzigo kichwani hupishwa. Hakuulizwa umri wala cheo. Alipishwa kwa kuwa shingo yake haigeuki, na akisimama ghafla mzigo unamwagika. Leo mwenye mzigo ni treni. Haiwezi kukukwepa, na hata ikifungwa breki huenda mamia ya mita kabla ya kutulia. Jicho nalo hudanganya: kitu kikubwa kikija huonekana polepole kuliko mwendo wake. Anayesema "bado iko mbali" anabahatisha tu.

Lakini usia haumhusu mpita njia peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hilo ni neno la mwenye nyumba, na hapa mwenye nyumba ni mwenye reli. Reli ya kisasa (SGR), iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ilijengewa uzio, madaraja na vivuko vya chini. Kumbe dawa inajulikana. Penye reli ya zamani tunadai geti linalofunga, taa inayowaka na vichaka vilivyofyekwa. Kumlaumu aliyegongwa mahali pasipo geti ni kukwepa deni.

Basi kila mmoja abebe fungu lake. Dereva asiingie relini mpaka aone nafasi ya gari lake ng'ambo. Na abiria wa bodaboda asione haya kusema, "Simama, kaka, la sivyo nashuka." Anayenyamaza amekubali.