Faida ya Wengi na Riziki ya Wachache

Hakuna mtu mwenye akili timamu apingaye maendeleo kwa kuwa ni maendeleo. Kila mtu hupenda njia fupi kuliko ndefu, chombo chepesi kuliko kizito, na bidhaa rahisi kuliko ghali. Lakini maendeleo hayaji mikono mitupu, wala hayaondoki mikono mitupu: huja na faida, na aghalabu huondoka na kazi ya mtu. Faida hugawanyika kwa wengi, kila mmoja akapata chembe. Hasara huwaangukia wachache, kila mmoja akatwikwa mzigo mzima. Hapo ndipo linapozaliwa swali la insha hii. Je, ni haki wachache wapotewe na riziki ili wengi wapate nafuu? Na ikiwa ni haki, wenye nafuu wana wajibu gani kwa wenye hasara?

Swali hili halikutungwa kwa kupimia akili tu. Katika Mombasa twaliona kwa macho. Makupa ni mahali ambapo kisiwa hushikana na bara, zamani kwa tuta lililoziba mkondo wa maji, na tangu mwaka 2022 kwa daraja. Kwa miaka mingi malori yaliyochukua mizigo ya Kilindini kwenda Nairobi, Uganda, Rwanda na Kongo yalipita hapo yakifuatana kama siafu. Na lori moja si la dereva peke yake. Nyuma yake yupo utingo, yupo fundi wa injini, yupo mziba pancha, yupo wakala wa forodha, yupo mlinzi wa yadi, na yupo mama auzaye chai na mahamri alfajiri. Ukiifuata barabara ya Nairobi utawakuta wengine wa namna hiyo Mariakani, Voi na Mtito Andei, ambako madereva hula, hulala na kujaza mafuta. Katika madarasa yetu wamo watoto ambao sare na kalamu zao hutoka katika magurudumu hayo.

Wala kazi ya kuchukua mizigo haijapata kukaa katika hali moja. Reli ya kwanza ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na wapagazi waliobeba mizigo kwa vichwa na mabega kutoka pwani hadi bara wakapotewa na kazi yao. Meli kubwa zilihamishia biashara Kilindini, na Bandari ya Kale ikabakiwa na majahazi. Baadaye yakaja makasha ya chuma yaitwayo makontena, na winchi moja ikafanya kazi ya kundi zima la makuli. Nani leo angetaka mizigo irudi vichwani mwa wapagazi? Kwa hiyo, asemaye kwamba kila kazi iliyopo leo haina budi kuwapo milele amependa mazoea kuliko ukweli.

Lakini historia hiyo hiyo ina fundisho la pili. Zamani wengi wa wapakuzi wa Kilindini walikuwa vibarua wa kutwa: meli ikija walikula, meli ikikosekana walishinda na njaa. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma, wa bandari, wa reli na wengineo. Na mwezi wa Machi 1955 wapakuzi waligoma tena. Katika miaka ile ya misukosuko kazi ya bandarini ilianza kutiwa katika daftari na kanuni. Wenye majina daftarini walipata uhakika zaidi, na wenye kazi wakapata watu waliozoea kazi. Yalikuwa mageuzi mema. Hata hivyo, kurasa za daftari zilikuwa chache na watu wa langoni walikuwa wengi. Asiyeandikwa alibaki nje. Basi hata mageuzi mema huwa na mtu aliyebaki nje ya lango, na wema wake hupimwa kwa jinsi anavyotendewa mtu huyo.

Tuje katika jambo la siku zetu. Tarehe 31 Mei 2017 ilifunguliwa reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa mkopo mkubwa kutoka China, na baada ya muda mfupi ikaanza kuchukua mizigo. Sababu za kuijenga hazikuwa za kipuuzi. Barabara ilichakaa kwa uzito wa malori, watu walikufa kwa ajali, na garimoshi moja laweza kuchukua makontena ambayo yangehitaji malori mengi. Ila reli iliyojengwa kwa mkopo haina budi kupata mizigo, la sivyo mkopo haulipiki. Mwezi wa Agosti 2019 likatoka agizo kwamba mizigo yote iingiayo nchini kwenda Nairobi na mbele yake ichukuliwe kwa reli, ikatolewe ushuru katika bandari ya nchi kavu huko Nairobi. Watu wa Mombasa waliandamana barabarani. Mwezi wa Oktoba mwaka huo agizo likasimamishwa. Mwezi wa Novemba 2020 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kuwa agizo lile lilikwenda kinyume cha katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Na mwezi wa Septemba 2022 Rais mpya, siku ya kuapishwa kwake, aliagiza kazi ya kutoa mizigo irudishwe Mombasa.

Msomaji atazame mwendo wa mambo hayo. Miaka 5 ilipita kutoka kufunguliwa kwa reli hadi agizo la mwisho, na sehemu kubwa ya miaka hiyo iliishia katika kuamuru, kupinga, kusimamisha na kutengua. Fedha za reli hazikupata utulivu, na watu wa malori hawakupata utulivu. Kosa halikuwa katika chuma wala katika mataruma. Lilikuwa katika utaratibu. Amri ilitangulia, mazungumzo yakafuata.

Mombasa si ya kwanza kukutwa na mtihani huu. Nchi za Ulaya, zilizo na mali kuliko sisi, zilitahiniwa pia. Mwaka 1951 nchi 6, yaani Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, zilitia sahihi Mkataba wa Paris ili makaa ya mawe na chuma zao ziwe katika soko moja. Zilijua kwamba soko likiwa moja, machimbo dhaifu yatafungwa. Basi katika mkataba ule ule ziliweka kifungu cha kumsaidia mfanyakazi atakayeachishwa: apewe posho mpaka apate kazi nyingine, agharimiwe akihama, na afundishwe ufundi mpya. Gharama ya mageuzi iliandikwa katika karatasi moja na faida yake.

Hata hivyo, kuandika ni jambo moja na kutimiza ni jambo jingine. Mwaka 1959 Uholanzi iligundua gesi nyingi katika jimbo la Groningen, na makaa ya mawe ya jimbo la Limburg yakashindwa sokoni. Mwezi wa Desemba 1965 waziri wa uchumi, Joop den Uyl, alikwenda mwenyewe Heerlen, mji wa wachimbaji, akawaambia kwamba machimbo yatafungwa na kwamba kazi nyingine zitaletwa. Machimbo yalifungwa moja baada ya jingine hadi mwaka 1974. Sehemu ya ahadi ilitimizwa: kiwanda cha motokaa kilijengwa Born, na ofisi kubwa za serikali zilihamishiwa Heerlen. Lakini wachimbaji wengi hawakupata tena kazi iliyolingana na ile waliyoipoteza, na jimbo lile lilisumbuka kwa miaka mingi. Deni lilikubaliwa waziwazi, ila lililipwa nusu. Nalo hilo la kukubaliwa si dogo, kwa maana deni lililokubaliwa laweza kudaiwa. Lililokanwa halina mahali pa kuanzia.

Neno hili deni ndilo kiini cha maneno yangu. Wengi husema kwamba aliyepoteza kazi kwa ajili ya maendeleo ahurumiwe. Mimi nasema alipwe. Huruma ni hiari ya mwenye nacho, na deni ni haki ya anayedai. Tutoe mfano wa kubuni. Katika mji wa watu 1,000 yaletwa njia mpya ya kuchukua mizigo, na kila mtu aokoa shilingi 10 kwa mwezi. Faida yote ni shilingi 10,000. Watu 10 wa mji huo wapotewa na kazi, kila mmoja akikosa shilingi 500 kwa mwezi. Hasara yote ni shilingi 5,000. Mji waweza kuwalipa wote 10 na bado kila mtu akabakiwa na shilingi 5 za nafuu. Usipowalipa, nusu ya zile shilingi 10 zilizo mfukoni mwa kila mtu si mali yake. Ni mali ya jirani yake. Sasa geuza hesabu: kila mmoja wa wale 10 akose shilingi 1,500. Hasara ni 15,000, na faida ni 10,000 tu. Hapo mji haukuendelea. Umepungukiwa, na upungufu umefichwa katika nyumba 10. Basi kipimo ni hiki: faida isiyoweza kulipa hasara iliyoizaa si faida.

Yupo atakayepinga akisema: mwenye duka akishindwa na duka la jirani halipwi na mtu, kwa nini dereva alipwe? Jawabu ni kwamba mambo mawili haya hayafanani. Mwenye duka alishindana kwa hiari, na kesho aweza kushinda. Dereva hakushindwa na mwenziwe. Aliondolewa uwanjani kwa kalamu. Tena yeye mwenyewe ni mmoja wa walioijenga reli, maana tangu mwaka 2013 bidhaa ziingiazo nchini hutozwa ushuru wa kuendeleza reli, na ushuru huo hulipwa mwishoni na kila anunuaye. Mtu kutozwa fedha za kununulia jembe litakalong'oa mhogo wake mwenyewe ni dhuluma iliyo wazi.

Mwingine atasema kwamba fedha haziwezi kurudisha kila kitu. Hilo ni kweli. Dereva wa miaka 50 hakupoteza mshahara tu. Amepoteza heshima ya kuitwa fundi wa kazi yake, na akiketi barazani kutwa nzima na fedha mfukoni, bado hana jibu akiulizwa na mwanawe anafanya kazi gani. Kwa sababu hiyo malipo bora ya kazi ni kazi, na mafunzo ya kazi mpya hayana budi kuanza kabla ya kazi ya kwanza kwisha. Njaa haingoji kamati. Na kwa sababu hiyo pia mtu aulizwe kabla ya kuamuliwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala aketiye ofisini hawezi kujua idadi ya vikombe vya chai viuzwavyo kwa sababu ya lori moja, mpaka amwulize auzaye.

Haya hayamwondolei anayepoteza wajibu wake. Anayo haki ya kulipwa, lakini hana haki ya kuuzuia mji mzima milele. Akipewa nafasi ya haki ya kujifunza kazi nyingine akaikataa kwa ukaidi, ameligeuza deni kuwa kodi anayowatoza wenzake. Watoto wake nao watahitaji barabara salama na bidhaa rahisi. Haki ya wachache na faida ya wengi hazikuumbwa kuwa maadui. Hugombanishwa na haraka ya mmoja na ukaidi wa mwingine.

Ninyi msomao kurasa hizi leo mtakuwa wahandisi, mahakimu, wabunge na wenye mali. Siku moja mtaletewa karatasi iliyoandikwa faida za jambo jipya, zimepangwa vizuri kwa tarakimu, na mtaombwa kutia sahihi. Msikatae kwa kuwa ni jipya, wala msikubali kwa kuwa ni jipya. Ulizeni kwanza ukurasa wa hasara uko wapi, majina ya watakaoibeba ni yapi, na fedha za kuwalipa zimewekwa mfuko gani. Kama ukurasa huo haupo, hesabu haijakwisha, na kalamu ingoje.