Kuuliza si ujinga: maswali ya towashi garini

Methali hii tunawaambia watoto wanaoona haya kuinua mkono darasani. Tukishakuwa watu wazima tunaiacha huko huko darasani, nasi ndio tunaoihitaji zaidi, hasa tunapoishika Biblia.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, towashi wa Kushi yumo garini, anatoka Yerusalemu kuelekea Gaza. Si mtu mdogo: hazina yote ya Kandake, malkia wake, iko chini yake. Amesafiri mbali kwenda kuabudu (Kushi ile ndiyo nchi ya Meroe, katika Sudani ya leo), na ana gombo la Isaya, mali adimu zama ambazo kila nakala iliandikwa kwa mkono. Anasoma kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi. Filipo, mtu wa miguu tu, anamuuliza kama anaelewa. Mkubwa huyu alikuwa na sababu zote za kughadhibika. Akajibu kwa swali: ataelewaje bila mtu wa kumwongoza? Akamwomba apande, akae naye.

Mjinga ni asiyejua, na kila mtu ni mjinga wa jambo fulani. Hilo halina aibu. Anayeuliza amekwisha kuuvunja ujinga wake. Anayenyamaza ili aonekane mjuzi ndiye anayeufuga.

Swali la pili la towashi ndilo ninalolipenda kuliko yote: nabii anasema habari zake mwenyewe, au za mtu mwingine? Laiti tungekuwa nalo kila tunapofungua Yeremia 29:11, mstari wa mawazo ya amani tunaoupamba kwenye kadi za mahafali! Anaambiwa nani? Ni barua kwa mateka walioko Babeli. Mstari unaoutangulia unasema miaka 70 itapita kwanza. Juu yake wameagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji waliohamishiwa. Wengi walioisikia barua ile wangezikwa huko huko. Ahadi haipungui kwa kujua hayo. Inamfikia mjane aliyeomba miaka 20 bila kuona jibu, ambaye kadi ya mahafali haina la kumwambia.

Towashi naye hakutosheka na maana. Walipofika penye maji aliuliza mara ya tatu: nini kinamzuia asibatizwe? Akaamuru gari lisimame, wakateremka wote wawili majini.