Darubini Unayoitoa Nje



Mwaka jana nilitaka kununua darubini ya kutazamia nyota. Kulikuwa na mbili: ndogo yenye lenzi ya milimita 70, na kubwa yenye kioo cha milimita 200. Moyo ulikuwa kwa ile kubwa, na kwa kweli ina sababu zake. Inakusanya mwanga karibu mara nane zaidi, kwa hiyo inaonyesha galaksi hafifu ambazo ndogo haizifikii.

Rafiki yangu akaniazima ya kwake kubwa mwezi mzima. Jamani! Nakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Ukishaishusha, usubiri kioo kipoe kilingane na hewa ya nje, la sivyo picha inachezacheza. Mwezi mzima niliitoa mara mbili tu.

Nikanunua ndogo. Naibeba kwa mkono mmoja. Nimeona pete za Zohali, na miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610 kwa darubini ndogo kuliko yangu.

Kwa nini nawasimulia haya? Baba alipofariki, nilimwahidi Mungu saa nzima ya kuabudu kila siku, pamoja na rozari. Nilidumu siku nne. Kisha miezi mitano sikusali kabisa. Niliona aibu kumrudia Mungu na kidogo baada ya kuahidi kikubwa.

Nilipoenda kuungama, padre hakunigombeza. Aliniuliza kama naweza kusali Baba Yetu moja, polepole, kila usiku. Nikasema naweza. Usiku wa kwanza, nilipofika pale tunapoyakubali mapenzi ya Mungu, nililia. Tangu mazishi sikuwa nimelia.

Sisemi makubwa hayafai. Kituo cha anga cha Vatikano kina darubini yenye kioo cha mita 1.8 kule Arizona, Marekani, na Wajesuiti wanaitumia kwa utafiti. Lakini Yesu anatufundisha katika Luka 16:10 kwamba uaminifu huanzia kwenye madogo. Darubini nzuri kwako ni ile unayoitoa nje. Sala pia.

Wewe je, kuna ahadi gani kubwa uliyoiacha kona, ikakufanya uogope kurudi? Leo, kabla hujaweka simu chini ulale, mpe Mungu kidogo ulichonacho. Kesho tena.

Ee Bwana, pokea kidogo changu cha leo, unifundishe kudumu. Amina.